Uzi wa gunia la posho: kisa cha Pamba wa Walukuba

Kisa hiki kinaanzia kwenye sentensi niliyoisema mwenyewe. Mwezi wa Aprili, afande mmoja mstaafu wa polisi anayeishi Walukuba, hapa Jinja, Uganda, aliniletea mbwa wake achanjwe. Pamba ni jike aina ya Spitz wa Kijapani, mweupe kama jina lake, wakati huo ana mwaka mmoja na miezi miwili na kilo 5.8. Nikiwa naandika kitabu cha chanjo, afande akalalamika kwamba mbwa anamaliza viatu vya nyumba nzima: ndala za mkewe, raba za wajukuu, hata mkanda wake wa kazi aliokuwa ameutunza tangu astaafu. Nikamjibu kama nilivyozoea kuwajibu wote, macho yakiwa kwenye kitabu: "Afande, mbwa lazima atafune. Mpe kitu cha kutafuna."

Akasema sawa, daktari, akaenda zake.

Wiki tano baadaye, Ijumaa asubuhi, alirudi kwa boda, Pamba kamfunga ndani ya leso. Mzani ulisoma kilo 5.2. Mbwa wa kilo 60 akipungua nusu kilo na ushei hakuna atakayeona, lakini kwa huyu ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na karibu yote ilikuwa maji. Nilipovuta ngozi ya shingoni ilibaki imesimama badala ya kurudi mahali pake. Fizi zilikuwa kavu, zinanata; nilipozibonyeza zikageuka nyeupe, wekundu ulichukua sekunde tatu kurudi. Joto 39.4. Moyo unapiga 168 kwa dakika. Nilipomshusha sakafuni alinyoosha miguu ya mbele, akalaza kifua chini na kuacha makalio juu, kama anayesujudu. Mbwa akikaa hivyo huku hali chakula, tumbo linamuuma.

Alianza kutapika Jumatano, kwanza posho, yaani ugali, na maharage, kisha maji ya njano. Jirani aliwashauri wamnyweshe maziwa na kijiko cha mafuta ya kupikia, wakafanya hivyo. Hapa nasimama kidogo, maana jambo hili nalikuta kila mwezi: mbwa anayetapika akinyweshwa mafuta kwa nguvu, mafuta yanaweza kuingia mapafuni, na hapo unakuwa na wagonjwa wawili katika mwili mmoja. Pamba alinusurika na hilo.

"Amekula nini kisicho chakula, afande?"

"Hakuna, daktari. Tumempa tu vitu vya kutafuna, kama ulivyosema."

"Vitu gani?"

Cha kwanza kilikuwa mfupa wa mulokoni. Afande hupenda supu ya kwato Jumapili, na mfupa uliobaki alipewa Pamba. Cha pili kilikuwa mpira. Mjukuu wake wa darasa la tano alikuja likizo ya Mei akamtengenezea mbwa mpira kama watoto wa Uganda wanavyojitengenezea wenyewe: kaveera, yaani mifuko ya plastiki, mbili tatu zinasokotwa katikati, juu yake zinazungushwa byayi, yaani maganda makavu ya mgomba, kisha donge zima linafungwa uzi huku na huku mpaka likaze. Ni kazi nzuri ya mikono. Nimecheza na mipira hiyo utoto wangu wote.

"Na mpira uko wapi sasa?"

"Umekwisha."

Neno hilo ndilo lililonipeleka tumboni. Sabuni huisha, sukari huisha. Mpira hauishi, huhama.

Nilimlaza Pamba ubavu nikapapasa taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Utumbo wa mbwa mzima unateleza kati ya vidole, kila pindo linapita laini na kwenda. Wa Pamba ulikuwa umekusanyika pamoja, mgumu, wenye malinda. Chukua bukta, vuta kamba ya kiunoni kwa nguvu, halafu shika kitambaa kilichojikunja kwenye kamba. Ndicho nilichokishika.

Si kila mbwa anayetapika amemeza kitu, kwa hiyo yapo mengine niliyoyafikiria. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, inaua mbwa wengi wadogo hapa, lakini Pamba alikuwa amechanjwa, hakuwa na kuhara damu, na kipimo cha haraka cha kinyesi hakikuonyesha chochote. Homa ya kupe huleta homa kali na uchovu, ila haikunji utumbo. Nikanyoa manyoya kidogo, nikaweka altrasaundi ile ndogo ninayopimia mimba za mbuzi na ng'ombe. Tumbo lilikuwa limejaa maji yasiyosogea, na utumbo umejipinda kama mawimbi, katikati yake mstari mmoja mweupe unang'aa. Eksirei ya wanyama ningeipata Kampala, kilomita 80 hivi kupitia Mabira, lakini uzi, kaveera na byayi havionekani kwenye eksirei, na Pamba hakuwa na saa za kupoteza barabarani.

Kwa nini uzi ni mbaya kuliko jiwe? Watu wengi hudhani kinyume chake. Jiwe au kokwa la embe likikwama, linaziba mahali pamoja. Uzi una ncha mbili. Ncha moja ikinasa, kwa paka mara nyingi chini ya ulimi, kwa mbwa zaidi kwenye mlango wa kutokea tumboni, ile nyingine inaendelea kusukumwa mbele. Utumbo haujui kuacha kusukuma. Kila ukisukuma unajivuta wenyewe kuupanda uzi, unajikunja, na uzi uliokaza unaukata kwa ndani kama msumeno, upande ule ule ambako mishipa ya damu inaingilia. Ukitoboka, uchafu unamwagika ndani ya tumbo na mbwa anaweza kufa. Ndiyo maana ukiona uzi unaning'inia mdomoni au matakoni mwa mbwa, usiuvute hata kidogo. Ukiuvuta, wewe ndiye unayesukuma msumeno.

Tulimweka dripu kwanza kwa saa nne, kwa kuwa kumpa dawa ya usingizi mbwa aliyekauka hivyo ni kumtafutia kifo. Alasiri nilimfungua. Chini ya ulimi palikuwa safi. Fundo la nyuzi lilikuwa limejikaza kwenye mlango wa tumbo, na mkia wake umeshuka ndani ya utumbo mwembamba. Nilifungua tumbo nikakata fundo, hapo hapo malinda yakaanza kulegea. Nikafungua utumbo mahali pawili kutoa mkia, maana kuuvuta wote kupitia tundu moja ni kurudia kosa la msumeno. Kwenye ukingo wa ndani palikuwa na mchirizi mwekundu wa urefu wa kidole, uzi ulipoanza kula, lakini haukuwa umetoboa. Rangi ya utumbo ilirudi kuwa ya waridi. Hakuna kipande nilicholazimika kukikata na kukitoa. Nikashona, nikajaribu mshono kwa maji safi, nikaufunika kwa utando wa mafuta ya tumbo, nikafunga.

Afande alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu mchana. Nilimtolea vitu vile kwenye karatasi: mabaki ya byayi, vipande vya kaveera nyeusi, na uzi mweupe bapa, wa plastiki. Aliuangalia bila kuugusa.

"Daktari, huu ni uzi wa gunia letu la posho. Mimi ndiye niliyemchomolea mjukuu, kamba ya mgomba ilikuwa inakatika."

Halafu, bila hasira yoyote: "Na wewe ulisema nimpe kitu cha kutafuna."

Ni kweli nilisema. Siku ile sikulala vizuri, na kuanzia hapo niliacha kuisema sentensi ile peke yake. Ushauri ule ulikuwa sahihi, lakini nusu yake nilibaki nayo mdomoni. Afande ni mtu aliyezoea amri. Alichukua nilichompa akakitekeleza kwa alivyokuwa navyo nyumbani. Uzi wa mgomba ungekatika, pengine ungetoka na kinyesi. Wa gunia hauozi wala haukatiki, na alichagua huo kwa sababu ni imara. Yeye alitaka kitu kidumu. Kumbe uimara wa mpira na usalama wa mbwa ni vitu viwili, na kazi ya kumweleza hivyo ilikuwa yangu.

Kuna jingine alilolisema mjukuu mwenyewe, alipokuja kumtazama mgonjwa siku ya pili. Pamba alipoanza kuupasua mpira, mtoto alimkimbiza ili amnyang'anye. Mbwa anayekimbizwa na kitu mdomoni humeza. Si ukaidi, anachoogopa kupoteza anakiweka pale ambapo hakuna mkono unaofika. Nadhani sehemu kubwa ya uzi ule ilimezwa katika mbio hizo, kuzunguka nyumba, watoto wakicheka. Dawa yake ni kubadilishana: mwite mbwa, mwonyeshe kitu anachokipenda zaidi, akitema ndipo umpe. Nyumbani kwa afande wanatumia mukene (dagaa) mmoja mkavu, na Pamba sasa anatema hata soksi.

Sasa narudi kwenye mfupa wa mulokoni. Pamba akiwa amelala kwa dawa nilimfungua mdomo, na gego kubwa la juu kushoto lilikuwa limebanduka bamba zima upande wa shavu, katikati pana doa jekundu. Doa hilo ni moyo wa jino, uko wazi. Kwa mbwa gego hilo hukutana na la chini kama mkasi, na ganda gumu linalolifunika halifiki unene wa milimita 1. Mkasi unakata nyama. Ukiupa jiwe unavunjika. Afande hakuwa ameona lolote. Mbwa mwenye jino lililovunjika huendelea kula, anahamishia tu upande wa pili. Sikuling'oa siku ile, maana tumbo lililofunguliwa lilitosha. Nililitoa wiki ya nne, na kwa kuwa lina mizizi mitatu ilibidi nilikate vipande.

Siku ya 14 walirudi kutoa nyuzi za mshono. Siku za hatari kwa mshono wa utumbo, ya tatu hadi ya tano, zilikuwa zimepita salama, na Pamba anakula uji mzito mara nne kwa siku. Afande alikuwa na mfuko. Akaumwaga mezani.

"Safari hii sitampa kitu kabla hujakiona, daktari. Nimezunguka soko lote."

Tulitumia karibu saa nzima kwenye meza ile, na nakiri sijawahi kufanya kazi yenye faida kuliko hiyo bila sindano. Nilianza na mfupa, kwa kuwa alikuwa bado hajauamini ubaya wake. Nikampa: "Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba." Akabonyeza. Haukuacha alama. Kitu kisichoacha alama ya ukucha ni kigumu kuliko jino. Hiyo ni pamoja na kwato, pembe, na mfupa wa mguu wa ng'ombe, mbichi au uliochemshwa. Mfupa wa kuku aliopikwa ni laini zaidi lakini unapasuka kuwa miiba, na wa samaki, mbuta au ngege, unachoma koo. Hata ile mifupa iliyokaushwa kwa moshi na kufungwa vizuri kwenye pakiti si kinga: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupokea taarifa zipatazo 68 za mbwa waliougua kwa ajili yake, wengine wakafa.

Kulikuwa na dubu wa manyoya kutoka mitumba. Nikachukua mkasi nikamfungua mbele yake: macho mawili ya plastiki yanayong'oka kwa kucha, pamba ya nailoni isiyoyeyuka, na tumboni kidude kinacholia kikibonyezwa. Mbwa anayependa kuwinda atachimba mpaka anyamazishe ile sauti. Kile kidude ndicho hasa anachokitafuta. Vingine vinavyotoa mwanga vina betri ndogo ya duara, na hiyo ikikwama kooni inachoma nyama ndani ya saa chache. Mbwa aliyeimeza hahitaji kusubiri kutapika, aje mara moja.

Kamba yenye mafundo niliisukuma kando. Iko madukani kila mahali, mbwa wengine wanavutana nayo na mwenye mbwa miaka bila tatizo, lakini Pamba ameshatuonyesha anafanya nini na nyuzi. Kila mbwa ana namna yake. Mmoja analamba, mmoja anabeba, mmoja anapasua na kumeza. Kitu kimoja ni salama kwa wa kwanza na sumu kwa wa tatu, na hakuna lebo inayomjua mbwa wako. Lebo yenyewe ina uzito mdogo: hata Marekani, ambako vitu vya kuchezea vya watoto vina sheria kali, vya mbwa havina kiwango cha lazima cha usalama.

Mfupa mweupe wa ngozi ya ng'ombe tuliuloweka kwenye bakuli la maji wakati tunaongea. Mwisho wa saa ile ulikuwa umevimba na kuteleza kama ulimi. Mbwa hukata kipande kikubwa kikiwa hivyo, akakimeza kizima. Afande aliurudisha mfukoni mwenyewe. Kipande cha tairi kutoka kwa fundi wa lugabire, zile ndala za matairi, kilikuwa na ncha za waya ndani yake. Muwa, ambao hapa Busoga kila mtoto humtupia mbwa, makapi yake ni nyuzi tupu. Muhogo mbichi una sumu. Kokwa la embe na gunzi la mahindi sikuhitaji kueleza sana, nina chupa yenye gunzi nililolitoa tumboni mwa mbwa wa Bugembe. Gunzi halisagiki, na linakaa kwenye utumbo wa mbwa mdogo kama kizibo.

Ulibaki mpira mdogo wa raba. Ulipita mtihani wa ukucha. Nikauweka mdomoni mwa Pamba, ukapita nyuma ya meno ya chonge bila kuguswa. Mpira unaopita hapo unaweza kuziba koo, na mate yanaufanya uteleze zaidi. Ikitokea, usiingize vidole mdomoni ukausukuma ndani. Weka vidole gumba nje, chini ya koo nyuma ya mpira, usukume kuelekea mdomoni. Mpira wa tenisi, wenye kama sentimita 6.5, haukupita, lakini yale manyoya yake hushika mchanga na kusaga meno, basi ni wa kurushiwa tu na kuondolewa.

Afande aliangalia meza iliyojaa vitu vilivyokataliwa. "Kwa hiyo hakuna kitu?"

Kipo. Binti yake wa Kampala alimtumia kwa basi kitu cha raba nene, chenye uwazi ndani, kikubwa kuliko Pamba anavyoweza kukipitisha nyuma ya chonge, kinachobonyea kwa ukucha na kurudi. Wanakijaza posho laini iliyochanganywa na mukene uliooshwa chumvi na mchanga, au siagi ya karanga ya nyumbani. Kwenye karanga nina maneno mawili. Za kopo zisome, kwa sababu zenye zailitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, hushusha sukari ya damu ya mbwa na kuharibu ini. Za nyumbani zichague, zile zenye ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, nayo inaua ini la mbwa kama inavyoua la mtu. Usimpe mbwa karanga ambazo wewe umezitenga.

Kwa kutafuna na kumeza, wanampa kiazi kitamu kilichochemshwa kidogo, kikakatwa vipande virefu kuliko mdomo wake, kikaanikwa mpaka kinanepa kama ngozi ya kiatu. Amukeke wa Teso, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, uliokauka kabisa unavunjika vipande vikali, huo loweka kwanza. Anatafuna mbele ya mtu, dakika 15, kipande kikifika urefu wa kidole kinabadilishwa na mukene. Na chupa ya maji iliyotobolewa, bila kifuniko wala ile pete ya shingoni, inatiwa mukene wachache asubuhi, anaigaragaza uani mpaka wote watoke, kisha inachukuliwa kabla hajaanza kuila yenyewe. Mke wa afande aliniambia hiyo ndiyo iliyookoa ndala zake. Pamba alikuwa anashinda peke yake uani kuanzia asubuhi hadi jioni, hana la kufanya. Hilo nalo sikuliuliza mwezi wa Aprili.

Wiki ya sita alipima kilo 5.9. Jumamosi jioni afande anakikagua kile cha raba kwa kukipinda chini ya taa, akitafuta nyufa, kama alivyokuwa akikagua bunduki, nadhani. Kilishapata ufa mmoja; alikitupa siku hiyo hiyo akamwandikia binti yake.

Uzi nimeuhifadhi kwenye chupa, karibu na gunzi la Bugembe, na mtu akija kwa chanjo naushusha kabla sijafungua kitabu. Likizo ya Agosti mjukuu alikuja na babu yake akaomba auone. Nikautoa, nikauosha, nikaunyoosha mezani. Akachomoa rula yake ya shule kwenye mkoba. Ya sentimita 30 haikutosha. Akaweka kidole pale ilipokomea, akaisogeza mbele.